Kutoga Mwili: Kijana Aamue kwa Maarifa, Si kwa Kificho

Kutoga sikio ni kazi ya dakika moja. Kupona kwa sikio hilo huchukua majuma sita hadi manane. Na kosa lililofanywa katika dakika ile moja laweza kumfuata mwenye sikio maisha yake yote. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, hasa wale wa Keza na sehemu nyingine za Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko, kama tutakavyoona, ardhi yenyewe inahusiana na jambo hili kwa namna ambayo watu wachache huifikiria.

Katika shule zetu nyingi mazungumzo juu ya kutoga mwili huishia kwenye kanuni: hereni na mapambo ni marufuku. Sina nia ya kuipinga kanuni hiyo. Shule ina haki ya kudai sare, na usawa wa mavazi huwasitiri watoto wa maskini. Lakini yafaa tukiri kwamba kanuni hiyo husema juu ya kitu kinachovaliwa tu. Haisemi lolote juu ya sindano iliyotoboa, jeraha lililobaki, wala madini yaliyotiwa ndani ya jeraha hilo. Tena kanuni hukoma langoni siku ya kufunga shule, na hukoma kabisa siku mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Nne. Baada ya hapo kijana hubaki na kile tu alichofundishwa. Maoni yangu ni kwamba tumemfundisha kidogo mno, na kwamba somo la kutoga mwili lina haki ya kuingia darasani, katika vipindi vya biolojia, kemia na fizikia, kama yanavyoingia mambo mengine yanayogusa afya ya watu.

Jambo la kale katika hali mpya

Wapo wasemao kwamba kutoga mwili ni uigaji wa mambo ya kigeni. Usemi huo haupatani na historia. Wanawake wa mwambao wametoga masikio kwa ajili ya majasi na vipuli, na pua kwa ajili ya vipini, tangu zamani. Wamaasai na Wagogo walitoga ndewe, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio, na kuzitanua. Wanawake wa Kimakonde walitoga mdomo wa juu na kutia ndonya. Nje ya Afrika, mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ulikutwa mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ukiwa umehifadhiwa na barafu. Ndewe zake zilikuwa zimetogwa na kutanuliwa. Kwa hiyo kijana anayetamani kujipamba hakuleta jambo jipya duniani.

Hata hivyo, hali imebadilika. Zamani mahali pa kutoga palijulikana, na aliyefanya kazi hiyo kwa kawaida alikuwa mtu mzima aliyejulikana pia. Sisemi kwamba mila ilikuwa salama. Bila shaka walikuwapo watu waliougua pasipo chanzo cha ugonjwa wao kutambuliwa. Lakini leo msichana huweza kutogwa na mwenzake bwenini usiku kwa sindano ya kushonea nguo. Mvulana huweza kutogwa kando ya stendi na mtu asiyemjua jina. Mapambo yanayouzwa magulioni yametoka mbali, na hata mwuzaji hajui yametengenezwa kwa madini gani. Tena vijana hawaishii kwenye ndewe: wapo wanaotoga gegedu la sikio, pua, nyusi, kitovu, hata ulimi. Ujuzi wa bibi haukufika huko, na ujuzi wa shule haujafika pia.

Jeraha linaloponea nje kwanza

Ngozi ni ukuta wa mwili. Inazuia vijidudu vilivyo nje visiingie ndani, na inazuia maji yaliyo ndani yasipotee. Kutoga ni kutoboa ukuta huo kwa makusudi na kuweka kitu kigeni katika tundu ili lisizibe. Mwili hauna namna ya kujua kwamba tundu hilo ni pambo. Huliona kuwa jeraha, na huanza kazi ya kulitibu: damu huganda, chembe za kinga hukusanyika, kisha ngozi mpya hutambaa kutoka midomo miwili ya tundu kuelekea katikati, mpaka tundu lote liwe na bitana ya ngozi.

Mwanafunzi azingatie jambo hili: ngozi mpya huanzia nje. Baada ya majuma mawili au matatu sikio huonekana limepona, kumbe katikati ya tundu bado pana nyama mbichi. Kwa ndewe, kazi hiyo huhitaji majuma sita hadi manane. Kwa gegedu la sikio huhitaji miezi sita hadi mwaka mmoja, na kitovu huweza kuchukua muda kama huo.

Sasa tufanye hesabu. Likizo ya mwanafunzi ni kama mwezi mmoja. Msichana anayetogwa masikio siku ya kwanza ya likizo atarudi shuleni na jeraha ambalo halijapona. Kanuni itamtaka avue hereni. Akiivua, tundu litaanza kuziba. Kwa hiyo atafanya kama wengi walivyofanya kabla yake: atavunja kijiti cha ufagio na kukitia katika tundu, kwa kuwa kijiti hakionekani kwa mbali. Ufagio huo umefagia sakafu, uwanja na pengine choo. Hapo kanuni iliyokusudiwa kuleta nidhamu imeleta uchafu ndani ya jeraha bichi, si kwa sababu kanuni ni mbaya, bali kwa sababu hakuna mtu aliyemweleza msichana huyo kwamba likizo yake ni fupi kuliko kupona kwake. Angaliambiwa, huenda angalingoja mpaka amalize shule.

Gegedu nalo lina hatari yake. Nyama ya ndewe ina mishipa mingi ya damu, na damu ndiyo inayoleta chembe za kinga. Gegedu halina mishipa yake lenyewe. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Usaha ukiingia kati ya utando huo na gegedu, chakula hukatika, na gegedu huweza kufa na kunyauka. Sikio lililonyauka halirudi katika umbo lake. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, anayependa sana mahali penye majimaji, ndiye anayetajwa mara nyingi katika maradhi haya.

Ulimi huvimba ukitogwa, na uvimbe mkubwa huweza kuzuia pumzi. Kipande cha madini kinachogonga meno kila siku huyavunja kidogo kidogo na kusukuma ufizi chini. Kinywa kina bakteria wengi. Wakiingia katika damu huweza kwenda kukaa katika moyo, hasa moyo ambao vali zake zimekwisha haribiwa na ugonjwa. Kijana mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au selimundu asitoge mahali popote kabla ya kuonana na daktari.

Sindano moja, masikio mengi

Watu wa Kagera hawahitaji kuhubiriwa juu ya hatari ya damu. Katika mkoa huo ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa, mwaka 1983. Wazazi wengi wa vijana wa leo walijifunza tangu utotoni kwamba wembe wa mtu ni wake peke yake. Lakini somo hilo, lililofunzwa kwa machozi, limeshikamana na wembe na sindano ya hospitali. Sindano ya kushonea haionekani kuwa ndugu yake, na kumbe ni ndugu yake kabisa.

Tena VVU sivyo virusi vya kuogopwa kuliko vyote katika jambo hili. Wataalamu wamezichunguza ajali za wauguzi wanaojichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa. Kama damu ina VVU, katika ajali 1,000 huambukizwa watu 3 hivi. Kama damu ina virusi vya homa ya ini aina ya B, na aliyejichoma hajachanjwa, idadi huweza kufika 300. Virusi hivi vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa muda wa siku saba au zaidi. Basi sindano iliyotumiwa Jumatatu na kufutwa kwa kitambaa ingali na hatari Jumapili. Ini likishambuliwa kwa miaka mingi huweza kusinyaa au kupata saratani. Kwa bahati njema chanjo ipo, na tangu mwaka 2002 imo katika chanjo za kawaida za watoto nchini Tanzania. Mwanafunzi aitafute kadi yake ya kliniki aone kama alimaliza dozi zote.

Wanafunzi wengi hujibu kwamba wao huchoma sindano kwa kiberiti au huichemsha. Hapa fizikia ina neno. Moto wa njiti hudumu kwa nukta chache, hauipashi sindano yote sawasawa, na huiacha na masizi. Maji yanayochemka huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Isitoshe, nyuzi 100 za sentigredi ni kiwango cha kuchemka kwa maji kando ya bahari. Kadiri tunavyopanda juu, hewa inayoyagandamiza maji hupungua, na maji huchemka kabla ya kufika kiwango hicho. Katika vilima vya Kagera, penye kimo cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mwalimu mwenye kipimajoto anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sufuria moja ya maji.

Hospitali hufanya kinyume chake. Hufungia vyombo ndani ya mtungi wenye mvuke na kuongeza kanieneo, mpaka joto lifike nyuzi 121, kisha huviacha humo kwa dakika 15 au zaidi. Huko ndiko kutakasa kwa kweli. Ndiyo maana pia kile chombo cha kufyatua hereni, ambacho wengine hukiita bastola, si cha kuaminiwa sana: sehemu zake za plastiki haziwezi kuvumilia joto hilo, na hereni yake butu huipasua nyama badala ya kuikata. Sindano mpya iliyofunguliwa kutoka katika pakiti yake mbele ya macho ya anayetogwa ni bora zaidi, na baada ya kazi itupwe.

Udongo wa migombani

Kuna adui mwingine anayekaa karibu zaidi na mkulima. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, hujifungia ndani ya mbegu ngumu ambayo huvumilia ukame, jua, na hata maji yanayochemka. Mbegu hizo hukaa katika udongo, hasa udongo uliotiwa samadi. Sasa ni nani asiyejua kwamba migomba ya Kagera hustawi kwa samadi? Mwanafunzi huyu huyu mwenye tundu bichi sikioni huamka asubuhi akashika jembe katika shamba la shule au la nyumbani, kisha akajikuna sikio.

Mbegu za pepopunda zikiingia katika jeraha lisilopata hewa ya kutosha huchipua na kutoa sumu inayokaza misuli. Taya hufungwa, mgongo hupinda, na pumzi huweza kukatika. Chanjo ya utotoni hukinga, lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita kama haikurudiwa. Kijana anayekusudia kutoga aulize zahanati juu ya chanjo hii kwanza. Na kamwe asipake jeraha majivu, samadi wala dawa ya meno.

Nikeli ya Kabanga na hereni ya gulioni

Nilisema kwamba ardhi ya Ngara inahusiana na jambo hili. Katika miaka ya 1970 watafiti wa madini waligundua huko Kabanga, wilayani Ngara, akiba kubwa ya nikeli, mojawapo ya akiba kubwa na bora duniani za aina yake. Mwezi Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuiendeleza. Watoto wa Ngara wamelisikia jina la nikeli katika mikutano ya vijiji na redioni. Wanajua kwamba ni mali. Lakini si wengi walioambiwa kwamba huenda wanayo nikeli masikioni.

Nikeli hung'aa, ni ngumu, na ni rahisi kuliko fedha na dhahabu. Kwa sababu hiyo hutumiwa sana katika mapambo ya bei nafuu, mara nyingi chini ya utando mwembamba wa rangi ya dhahabu. Utando huo huchakaa. Jasho, lenye chumvi na asidi kidogo, huifikia nikeli na kuiyeyusha polepole katika umbo la ioni. Ioni hizo huingia katika ngozi na kushikamana na protini zake. Chembe za kinga huziona protini hizo kuwa ngeni na kuzikariri. Kuanzia hapo, kila nikeli inapogusa ngozi, baada ya siku moja hadi tatu huzuka wekundu, mwasho, malengelenge na majimaji. Huu huitwa mzio. Ukishaingia, kwa kawaida haumwachi mtu tena. Atadhuriwa na mkanda wa saa, kifungo cha suruali, hata sarafu.

Ngozi nzima huichelewesha nikeli, lakini tundu bichi la sikio ni mlango uliofunguliwa wazi. Ndiyo sababu kutoga masikio kumetambuliwa kuwa chanzo kikubwa cha mzio huu kwa wanawake. Denmark ilitunga sheria ya kupunguza nikeli katika mapambo mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994. Siku hizi huko Ulaya pambo la kutia katika tundu la mwili halitakiwi kuachia zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa juma moja. Uchunguzi uliofanywa Denmark baadaye ulionyesha kwamba mzio huo ulipungua miongoni mwa wasichana waliotogwa baada ya sheria. Tazama, basi: hawakukatazwa kutoga. Madini ndiyo yaliyobadilishwa.

Kemia ya sekondari yaweza kulileta jambo hili mezani. Pamba iliyoloweshwa dimethilglioksimu pamoja na amonia kidogo, ikisuguliwa juu ya hereni yenye kuachia nikeli, hugeuka rangi ya waridi. Shule yenye dawa hiyo katika maabara yake iwaruhusu wanafunzi walete hereni za gulioni na kuzipima. Kipindi kimoja cha namna hii kitafundisha mengi kuliko hotuba kumi za paredi. Wanafunzi wajue pia kwamba titani haina nikeli, na kwamba chuma cha pua cha hospitali kina nikeli lakini huishikilia sana isitoke. Haifai mtoto wa Ngara aijue nikeli kwa jina la mradi tu, asiijue inapomla ngozi.

Kovu lisilojua kukoma

Kovu la kawaida hukoma pale jeraha lilipokoma. Lakini kuna kovu liitwalo keloidi, ambalo huendelea kukua nje ya mipaka ya jeraha, likawa uvimbe mgumu unaowasha, pengine mkubwa kuliko ndewe yenyewe. Likikatwa huweza kurudi likiwa kubwa zaidi. Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hupatikana sana kati ya umri wa miaka 10 na 30. Mara nyingi hufuata ukoo. Uchunguzi mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotogwa masikio wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata kovu hili kwa wingi kuliko waliotogwa kabla ya umri huo. Yaani umri wa sekondari, ambao hamu ya kutoga ni kubwa, ndio ambao ngozi yetu husamehe kidogo.

Kijana anaweza kufanya utafiti wake mwenyewe bila chombo chochote. Aitazame mikono yake: je, chanjo ya bega na mikwaruzo ya utotoni imeacha makovu yaliyovimba? Amwulize baba, mama, shangazi na bibi: je, katika ukoo wetu kuna mwenye kovu la namna hii? Kama jibu ni ndiyo, busara ni kuacha kabisa.

Hoja za wasiokubali

Najua kwamba walimu wengine watasema: kumweleza mwanafunzi namna ya kutoga kwa usalama ni kumpa ruhusa. Naiheshimu hoja hii, kwa kuwa hutoka kwa watu wanaobeba dhamana ya watoto wa wenzao. Lakini tazama yaliyoelezwa hapo juu. Mwanafunzi aliyesoma juu ya gegedu lililonyauka, keloidi inayorudi, na likizo isiyotosha kupona, je, amehimizwa? Nadhani wengi wataahirisha, na baadhi wataacha. Wale wachache watakaoendelea wataendelea wakiwa na sindano mpya badala ya sindano ya bwenini. Anayepigwa kiboko bila maelezo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kujificha vizuri zaidi, na jeraha linalofichwa ndilo linalooza.

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo juu ya kutoga na kuchanja miili kwa vijana. Hawakuanza na vitisho. Walihimiza daktari azungumze na kijana, ampe habari kamili, na amshauri juu ya mahali salama. Sisi hatuna haja ya kungoja madaktari, ambao ni wachache vijijini. Tunao walimu.

Wengine watasema kwamba wavulana hawapaswi kutoga. Hilo ni swali la mila na dini, na wazazi wana sauti yao humo. Sayansi husema tu kwamba jeraha la mvulana huoza kama la msichana, na kwamba mvulana anayechekwa atachelewa zaidi kuomba msaada. Mwalimu anaweza kutoipenda hereni ya mvulana na bado akampeleka zahanati.

Kuhusu wazazi, sheria yetu ya mwaka 2009 humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kwa hiyo uamuzi wa mwanafunzi usifanywe peke yake wala kwa siri. Lakini mzazi naye asiseme “ndiyo” au “hapana” tu. Aseme pamoja na sababu.

Maswali ya kujiuliza

Napendekeza kila mwanafunzi anayefikiria kutoga ajiulize maswali haya, na ayajibu mbele ya mzazi au mwalimu anayemwamini:

1. Je, nataka jambo hili mwenyewe, au naogopa kuchekwa na wenzangu? Je, nitalitaka baada ya mwaka mmoja?

2. Je, ninao muda wa kutosha wa kupona kabla sijatakiwa kuvua pambo?

3. Je, chanjo zangu za pepopunda na homa ya ini B zimekamilika?

4. Je, katika ukoo wetu kuna keloidi? Je, nina ugonjwa wowote unaotaka ushauri wa daktari?

5. Ni nani atakayenitoga? Je, ataosha mikono, atavaa glavu, na kufungua sindano mpya mbele yangu?

6. Pambo langu ni la madini gani?

7. Je, nitaweza kulisafisha jeraha mara mbili kwa siku, kwa mikono safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja?

8. Sikio likivimba, likitoa usaha, au nikapata homa, nitamwambia nani siku hiyo hiyo?

Swali ambalo kijana hawezi kulijibu lina jibu lake: angoje. Tundu ambalo halijatobolewa linaweza kutobolewa mwaka ujao. Lililotobolewa vibaya haliwezi kurudishwa.

Shule za Keza na za wilaya zote mbili hazihitaji fedha kulianza somo hili. Zinahitaji kipindi kimoja cha biolojia, kimoja cha kemia, kimoja cha fizikia, na mwalimu mmoja ambaye mwanafunzi mwenye sikio lililovimba anaweza kumwendea bila kuogopa fimbo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya wanafunzi wetu si ya kufa. Yatasikia, mradi tuyaambie kweli yote mapema, kabla ya ile dakika moja.